Someni na Sura ya Nane

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama mmoja alisimama akauliza fedha za ujenzi zimefikia wapi. Aliuliza kwa adabu kabisa: "Mchungaji, tunaomba tu kusomewa mapato na matumizi." Akajibiwa, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu wasihojiwe. Kisha akaambiwa ajifunze utoaji kwa Mtume Paulo. Mama wa watu akakaa, akajifunika kitenge mpaka kidevuni. Nimechefuka mpaka leo.

Haya, twende kwa Paulo.

Kila vikapu vinapokaribia kupita tunasomewa 2 Wakorintho sura ya 9: apandaye haba atavuna haba, na Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Maneno hayo Paulo aliyaandika akichangisha kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu. Sura ya 8, ya waraka uleule na mchango uleule, sijawahi kuisikia ikisomwa wakati wa sadaka. Humo Paulo anaeleza nani watashughulikia fedha hizo: Tito, ndugu mwingine ambaye makanisa yenyewe ndiyo yaliyomchagua, na wa tatu ambaye bidii yake ilikwisha kupimwa mara nyingi. Sababu anaitaja mwenyewe. Hataki mtu apate pa kumlaumu juu ya mchango ule. Anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mbele za wanadamu, jamani! Mtume mzima hakuona kwamba inatosha kusema Mungu anaujua moyo wake.

Na si hapo tu. Katika waraka wa kwanza, sura ya 16, aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wa kuipeleka sadaka Yerusalemu. Yeye angekwenda nao ikibidi. Alipofunga safari, Matendo 20 inataja watu saba waliofuatana naye, kuanzia Sopatro wa Beroya mpaka Tikiko na Trofimo wa Asia.

Alishukiwa pia, tusisahau. Sura ya 12 ya waraka wa pili inaonyesha kulikuwa na maneno Korintho kwamba amewapata watu kwa hila. Yalimuuma, na uchungu wake unasomeka. Lakini hakumlaani mtu. Aliwauliza: kati ya wote niliowatuma kwenu, yuko aliyewatoza? Je, Tito aliwatoza? Yaani aliwaachia waseme kama wana ushahidi. Watu hao ni wale aliosema amewazaa katika Injili, na bado aliona wanastahili jibu.

Nakubali, ni yeye huyohuyo aliyeandika kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, na Wafilipi walimtumia mahitaji zaidi ya mara moja akapokea. Mchungaji ale, avae, asomeshe watoto. Hakuna aliyeuliza habari ya mshahara wake. Tuliuliza saruji na mabati. Na tukitaka kumfuata Paulo mpaka mwisho, kuna Korintho, alikokaa akishona mahema na Akila na Prisila, na kuna Mileto, alikowaambia wazee wa Efeso kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake.

Ninaomba Jumapili ijayo mhazini asimame, asome kilichoingia na kilichotoka, na karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mama yule naye aombwe radhi mbele ya usharika, maana aliaibishwa mbele ya usharika.

Paulo aliifikisha ile sadaka Yerusalemu, akakamatwa hukohuko. Wakili Tertulo alisimama mbele ya liwali Feliki akamsomea mashtaka: ni tauni, ni mleta fitina, ni kichwa cha madhehebu, amejaribu kulinajisi hekalu. Walimtafutia kila neno la kumwangamiza, na hakuna aliyesema kwamba amekula sadaka.