Nilivyopogolea mchungwa nikavuna malimao

Jamani mimi na mkasi tusikutanishwe tena. Nilipanda mchungwa wa kubebesha, yaani ule wa kuunganishwa juu ya shina la mti mwingine, mche mzuri tu, halafu nikasoma habari za yule Mjapani Masanobu Fukuoka aliyekuwa akisema asili iachwe ifanye kazi yake, nikaishia nusu maana nusu hiyo ilinifurahisha, hakuna dawa, hakuna kukatakata, unatandaza majani makavu shinani unaenda kukaa kivulini. Nusu niliyoiruka nimekuja kuisoma juzi, kumbe ndo anasimulia alivyoisusa michenza ya baba yake iliyokuwa imezoea kupogolewa, matawi yakasongana, wadudu wakaingia, ikafa.

Basi mti wangu ukajiotea weee. Mwaka wa pili nauangalia, juu kuna tawi limenyong'onyea kama limefiwa, na chini, kama kiganja kimoja kutoka ardhini, maotea matatu yamesimama wima, majani yanang'aa, miiba kama sindano ya kushonea magunia. Nikasema huyu mnyonge wa juu anawanyonya wenzake, aondoke. Nikachukua mkasi.

Sasa hilo tawi nililolidharau lilikuwa na kiota cha majimoto. Wameniingia shingoni, kwapani, mpaka pasipotajika, nami nakata huku nacheza ngoma isiyo na mpigaji. Leo nikikumbuka naona wale wadudu walikuwa wananizuia tu, sema hawakuwa na lugha nyingine.

Miaka mitatu mbele, matunda hayo! Makubwa, ya njano, ngozi ina manundunundu, nikajua ndo uasilia wenyewe. Nikaita shemeji na jirani, nikamenya mwenyewe kwa mbwembwe. Jirani akatia kipande mdomoni, jicho moja likajifumba lenyewe, akasema "Tamu, shemeji yangu, ila utamu wake uko mbali kidogo." Mwanangu yeye hana habari za heshima, akatema pale pale: "Baba, hili limao!"

Nikamwita fundi wa miche. Hakuangalia hata tunda, akapiga magoti, akapangusa udongo kwa kidole, akanionyesha kovu la pale walipounganisha. Chungwa lilianzia juu ya kovu. Chini yake ni mlimao uliotumika kama shina tu, na hayo maotea ndo ya kung'oa yakiwa bado machanga.

"Na wewe ulikata wapi?"

Nikamwonyesha.

Akanyamaza kidogo, akauliza mkasi uko wapi, nikampa nikidhani anataka kunifundisha. Akautia kwenye begi lake akaondoka nao.