Mng'ao wa nywele: nazi na nyonyo mbele ya silikoni

Anayetaka kutengeneza mafuta ya kung'arisha nywele kwa mimea pekee anakabiliana na mpinzani mzito, yaani silikoni, kemikali ya kiwandani inayotiwa katika vipodozi vingi vya nywele, na ni haki kukiri kwanza nguvu zake. Unywele hung'aa pale magamba madogo yanayoufunika yanapolala pamoja hata mwanga ukaakisiwa upande mmoja. Silikoni hutandaza utando mwembamba juu ya magamba hayo, haigandi kwa baridi yetu wala haichachi. Kwa nywele za kipilipili, ambazo mikunjo yake hutawanya mwanga, faida hiyo si ndogo.

Wapinzani wa silikoni hutaja Umoja wa Ulaya, ambao tangu mwaka 2020 umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa D4 na D5, aina mbili za silikoni, katika vipodozi vinavyosuuzwa kwa maji, kwa kuwa hudumu mno katika mazingira. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inagusa aina chache tu za silikoni. Kwangu hoja yenye uzito zaidi inatoka katika nazi yenyewe. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele. Mwaka 2003 Rele na Mohile walionyesha kwamba mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini wa nywele, tofauti na mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Walikuwa watafiti wa Marico ya Mumbai, kampuni inayouza mafuta ya nazi, na msomaji anastahili kulijua hilo. Hata hivyo maelezo yao ya kikemia yanaeleweka.

Tatizo ni kwamba mafuta ya nazi huganda chini ya takriban nyuzi 24. Chupa iliyotoka Kariakoo ikiwa majimaji hufika Njombe mwezi Julai imekuwa nyeupe kama mshumaa, na msusi hulazimika kuitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto mteja akisubiri. Mafuta ya nyonyo hayagandi hivyo na hung'aa vizuri, lakini ni mazito, hunata na kushika vumbi, kwa hiyo yanafaa kwa kiasi kidogo tu.

Ninachokiogopa hasa ni ute wa mshubiri unaoongezwa ili bidhaa iwe nyepesi. Ute huo ni maji kwa sehemu kubwa, na penye maji ukungu na bakteria humea. Kujisifu kwamba chupa kama hiyo haina kihifadhi ni kumhatarisha mteja, hasa mwenye vidonda vya kichwani baada ya kusukwa kwa kukazwa.

Ningeanza na nazi na nyonyo bila tone la maji, yapakwe usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kisha matone mawili baada ya kusuka. Lebo iseme hivyo, na iseme wazi kwamba kwenye baridi yataganda.