Rafiki wa mwanao ni wa ngapi darasani?

Ripoti za muhula zikifika nyumbani, mzazi huuliza kwanza: "Umekuwa wa ngapi?" Kisha: "Na yule rafiki yako?" Akisikia rafiki ni wa hamsini na kitu, hukumu inatoka papo hapo: "Huyo ndiye anayekuharibu."

Sikatai, makundi mabaya yapo. Mtoto akianza kutoroka vipindi na wenzake, mzazi aingilie, tena mapema. Ninachokataa ni kupima urafiki kwa nafasi ya mtihani.

Mtazame mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya serikali. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, leo Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Kozi ya awali ya lugha ni ya wiki chache tu. Darasa limejaa, mwalimu anakimbizana na silabasi. Mtoto akikwama hanyooshi mkono (atauliza kwa Kiingereza kipi?). Anamgusa wa pembeni: "Eti hapo kasemaje?" Huyo wa pembeni ndiye anayemfafanulia kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, somo baada ya somo. Huenda kwenye ripoti yuko chini kwa sababu Hisabati zinamshinda, ila Kiingereza kinapanda. Jioni wanabadilishana: mmoja anaeleza swali linataka nini, mwingine anakokotoa. Na anayemwelekeza mwenzake hulazimika kuelewa kwanza yeye mwenyewe, ndiyo maana hata wanaoongoza hawakosi kwenye diskasheni.

Mzazi akimkataza mwanawe urafiki huo, amemwondolea mwalimu wa pili, tena wa bure.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Wapo walionung'unika. Mimi nilifurahi, ingawa naona orodha ile bado tunaiendeleza sebuleni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, ambako mtoto wa jirani hutajwa kwa wastani wake kabla ya jina.

Anayejua nani anamsaidia nani ni mwalimu wa darasa. Kikao cha wazazi kikiitishwa tunamuuliza habari za michango na wastani, tunasaini, tunawahi daladala. Nani anakaa na mwanangu, na wakiwa pamoja wanafanya nini? Hilo halimo kwenye ripoti, na ni nadra kusikia mzazi akiliuliza.