Mtaalamu wa Mbegu

Nina cheti cha kilimo. Nakitaja mapema kwa sababu siku ile Muheza nilikitaja mara tatu kabla chai haijapoa.

Watoto walikuwa wanacheza bao, na badala ya komwe walitumia mbegu za ajabu: nyeusi, nyingine za madoadoa, zote zinang'aa, na ubavuni zina kovu lenye ukingo mweupe. Bibi, ambaye miwani yake aliikalia tangu Pasaka, akanipa moja.

"Mume wangu msomi, hebu niambie hii ni mbegu gani."

Nikaigeuza, nikaigonga kwa jino (wataalamu hugonga), nikatangaza: "Haya maharage ni ya kurutubisha udongo! Yanatambaa, yanafunika magugu, yanaongeza naitrojeni. Wengine huyakaanga wakayasaga kama kahawa. Yametoka wapi?"

"Kule bondeni," mtoto mmoja akajibu. "Tuliokota chini tu."

Hilo "chini tu" mimi nikaliruka.

Saa nane mchana, jua kali, nikateremka bondeni na kikapu, kifua wazi. Nikayakuta maganda yamening'inia vichala vichala, yamepinda kama herufi S, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu. Mahameli kabisa! Nikashika mtambaa kwa mikono miwili, nikauvuta wote ukanijia kichwani.

Kwanza ilikuwa shingo. Nikaikuna. Kisha mgongo, kwapa, na kwingine ambako staha inanizuia. Kila nilipojikuna nilikuwa nayasambaza. Kikapu sijui nilikiacha wapi. Nyumbani nilifika mbio, nikajisugua kwenye mwembe kama ng'ombe mwenye kupe.

"Upupu!" Bibi akapiga ukelele, na mtaa mzima ukaja kuhakikisha.

Wakanipaka majivu ya jikoni tangu utosini hadi nyayo. Nikawa kama dagaa aliyepakwa unga, anasubiri mafuta. Bado nikajitetea: "Bibi, mbegu sikuikosea! Jamii ni moja. Ya kupandwa shambani ganda lake halina haya manyoya makali, lakini mbegu zinafanana!"

"Sawa, mume wangu. Geuka, bado mgongo."

Watoto walikuwa wamesharudi kwenye bao lao.

"Anko," mmoja akasema bila kuinua macho, "sisi tunazijua. Ni upupu."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Aliulizwa mwenye cheti."