Duara Lililoachama

Programu yetu ya kuchora vipimo vya mviringo kwenye skrini, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ilikuwa ikipita kwenye kompaila bila kelele hadi mwenzangu mmoja, mtu mwenye mapenzi makubwa na usafi wa msimbo, alipoongeza -std=c99, amri ya kushika kiwango rasmi cha C cha mwaka 1999 bila nyongeza, kwenye Makefile, faili la maagizo ya kuunda programu. Papo hapo kompaila ikakataa katakata kuitambua M_PI, jina linalobeba thamani ya pi, ikaongeza kwa upole kwamba kila jina lisilotangazwa litatajwa mara moja tu katika kila funksheni. Upole huo haukutufaa, kwani karibu kila funksheni yetu ilikuwa na duara lake, na skrini ikajaa malalamiko.

Nilimweleza kwamba math.h, kichwa cha maktaba kinachotangaza mambo ya hesabu, haina hatia: makro ya M_PI haimo katika kiwango cha ISO cha lugha ya C, bali hutokana na kanuni za X/Open, kiwango kingine cha mifumo ya Unix, na kompaila ikiamriwa kushika kiwango hicho peke yake, maktaba huificha. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuitangaza mwenyewe kwa kuandika #define M_PI 22/7, kama alivyofundishwa hesabu utotoni.

Makosa yote yalitoweka. Hata hivyo, 22 na 7 ni namba kamili, na C ikigawanya namba kamili kwa namba kamili hutupa masalio bila kuomba radhi, hivyo 2 * M_PI, yaani duara zima kwa radiani, ikawa 6 kavu badala ya 6.28. Kila duara lilizunguka hadi radiani 6 likasimama, likabakiza uwazi wa digrii kama 16, na skrini nzima ikafanana na kundi la samaki walioopolewa majini, vinywa wazi. Mwenzangu aliilaumu kadi ya video.

Baadaye alikubali kuandika #define _XOPEN_SOURCE 700, inayoiomba maktaba ifichue nyongeza za X/Open, lakini akaiweka chini ya #include zote, yaani mistari inayoingiza vichwa vya maktaba, kwa hoja kwamba nyongeza huwekwa mwishoni. Kosa likarudi vilevile, maana vichwa vya maktaba huamua kipi kionekane pale cha kwanza kinapoingizwa, na vikishaamua havipokei rufaa. Tulipoupandisha mstari huo juu ya #include zote, maduara yalijifunga. Hata -std=gnu99, yaani kiwango kilekile pamoja na nyongeza za GNU, ingetosha, ila kuitaja mbele yake kulizua hotuba ndefu kuhusu usafi.

Lililobaki halikuihusu kompaila. Kiongozi wetu alikuwa ameshaandika katika mwongozo wa watumiaji kwamba uwazi ulio upande wa kulia wa duara ndio mahali pa kuanzia kusoma kipimo, na akataka kujua ni nani aliyethubutu kuuziba.