Baba Yao Ndiye Mjomba Wao

Mwaka wa pili, katika idara ya baiolojia ya chuo kimoja hapa Kampala, nilipewa kazi ya kuozesha inzi. Si hawa wa jalalani. Ni wale wadogo wa milimita 3 wanaozengea ndizi bogoya iliyoiva mpaka ikalegea. Jike wa macho meupe aolewe na dume wa macho mekundu. Jeni ya rangi hiyo imekaa kwenye kromosomu X. Binti hupata X moja kwa kila mzazi, na wekundu hushinda; mvulana hupata ya mama tu. Kwa hiyo mabinti wote hutoka na macho mekundu ya baba, wavulana wote meupe ya mama. Fumbo hilo mwanabaiolojia Thomas Hunt Morgan alilifumbua New York mwaka 1910. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu tu.

Sharti ni moja: bibi harusi awe bikira. Jike akishapandwa huweka akiba ya mbegu tumboni, na ataendelea kuitumia siku kadhaa hata ukimletea mume mpya. Kwenye joto la nyuzi 25, una saa 8 hivi tangu atoke kwenye pupa, lile ganda ambamo buu hugeuka inzi. Ndiyo maana usiku unakung'uta wakubwa wote watoke chupani, kisha alfajiri unawawahi waliozaliwa usiku huo kabla kaka zao hawajawawahi.

"Kijana, wewe ndiye ssenga wao," aliniambia fundi wa maabara, mzee wa Arua. Ssenga ni shangazi wa Kiganda anayemfunda binti kabla ya ndoa. Nikacheka.

Saa 4 usiku nikakung'uta, nikarudi hosteli, nikatega simu iniamshe saa 11 alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Simu ikazima, nami nikazima. Nilifika maabara saa 7 mchana, rolex mkononi, ile chapati ya mayai.

Barafu ya kuwalaza nayo ilikuwa nusu maji. Nikaichomeka chupa humo dakika chache, inzi wakalala, nikawamwaga kwenye karatasi nyeupe chini ya hadubini na kuwachambua kwa brashi laini. Dume ana makalio meusi ya mviringo. Jike amechongoka, ana mistari. Jike aliyezaliwa punde amepauka kama chapati mbichi, na tumboni linaonekana doa jeusi, mabaki ya mlo wa utotoni. Nilihitaji majike 20. Wenye doa walikuwa 7. Mmoja akaanza kutikisa mguu. Nikajazia 13 wowote waliochongoka, na daftarini nikaandika: "Bikira 20."

Watatu walinifia siku hiyohiyo, kwa kuwa niliisimamisha chupa ya arusi. Chakula chao ni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari, hamira na agari ya kuugandisha. Inzi aliyelala akiuangukia ananasa. Chupa hulazwa ubavu mpaka wote waamke. Hilo nalo nilikuwa nimeambiwa.

Siku ya 6 nikawatoa wazazi wasichanganyike na watoto. Siku ya 10 watoto wakaanza kutoka. Wavulana 108, wote macho meupe. Safi. Mabinti 104: mekundu 63, meupe 41.

Badala ya kuona aibu, nikamkumbuka Calvin Bridges, mwanafunzi wa Morgan, aliyeandika mwaka 1916 kuhusu mabinti wa macho meupe wasiotarajiwa: X mbili za mama zimekataa kuachana, zikaingia yai moja. Nikavaa koti safi, nikaenda kwa mhadhiri.

"Mwalimu, nimepata mambo ya Bridges."

"Wangapi?"

"41 kati ya 104."

"Yeye kwake ilikuwa kama 1 kati ya 2,000." Akavua miwani. "Kromosomu zako zinapendana sana."

Fundi alikuwa mlangoni na ndoo yake. "Hao? Baba yao ndiye mjomba wao."

Nikaambiwa nirudie. Safari hii niliazima saa ya kengele ya betri, na saa 11 alfajiri nilikuwa getini.

"Ssebo, unakwenda wapi giza hili?" mlinzi akauliza.

"Maabara. Kuna mabikira wananingoja, nikichelewa wataharibiwa."

Akanimulika tochi usoni, kisha akaishusha kwenye chupa yangu na brashi.

"Kaa chini."

Nikajaribu kueleza kwamba ni wa milimita 3. Haikusaidia. Fundi alikuja kunidhamini saa 3 asubuhi, na kufikia hapo chupani kila mtu alikuwa ameshaoa.