Nyaya pacha, kazi tofauti

Nyaya za USB-C, hizi za kuchaji simu na kuhamisha data, zimenichosha. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu moja la kuchajia, la USB-C, nami nikafurahi: sasa waya mmoja utatosha kwa kila kitu. Wapi! Jana usiku nilikuwa nahamisha video za harusi ya dada yangu kwenye kompyuta. Waya wa kwanza unachaji tu, data haupitishi kabisa. Wa pili unapitisha, ila kwa kasi ya USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, teknolojia ya mwaka 2000! Ukizitazama, huwezi kuzitofautisha. Jamani, watengenezaji wanashindwaje kuandika kwenye kichwa cha waya unafanya nini? Nimekesha hadi saa nane.